Basi Ambalo Halikuja: Kisa cha Nacala, 1981, katika Kazi ya Hans Rosling

Mwezi Agosti 1981 daktari Mswidi mwenye umri wa miaka 33, aliyekuwa akihudumu katika mji wa bandari wa Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, alijikuta mbele ya ugonjwa ambao hakuwahi kuusoma katika kitabu chochote. Huko Memba, wilaya iliyo kaskazini ya mji huo, wanawake na watoto waliokuwa wazima jana yake walishtukia miguu yote miwili imekakamaa kwa mpigo mmoja, haiwabebi tena, na hali hiyo haikuzidi wala haikupungua siku zilizofuata. Daktari huyo alikuwa Hans Rosling. Miaka 25 baadaye ulimwengu ungemfahamu kwa mihadhara ya takwimu iliyotazamwa na mamilioni ya watu, na wengi wa watazamaji hao hawakujua kwamba alikuwa mtafiti wa muhogo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ninachochambua hapa ni siku chache za mlipuko ule, na hasa jibu moja alilompa meya wa Nacala, kwa sababu naamini kwamba kazi yake yote iliyofuata, ya maabara na ya jukwaani, haieleweki vizuri mtu asipoanzia hapo.

Kufika kwake Nacala hakukuwa kwa bahati. Akiwa kijana mjini Uppsala, Uswidi, alikutana na Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mondlane alimweleza kwamba Msumbiji ikipata uhuru itahitaji madaktari, naye Rosling akaahidi kwamba atakwenda. Mondlane aliuawa Dar es Salaam mwezi Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, lakini ahadi ilibaki. Rosling alisoma takwimu na udaktari Uppsala, akachukua masomo ya afya ya jamii Bangalore, India, mwaka 1972, akaugua saratani akiwa na miaka 29 na kupona, kisha mwaka 1979 akahamia Msumbiji pamoja na mkewe Agneta na watoto wao. Nchi ilikuwa imepata uhuru miaka minne tu iliyotangulia, na madaktari wengi wa Kireno walikuwa wamekwisha kuondoka. Wilaya aliyokabidhiwa ilikuwa na watu wapatao 300,000.

Kuna tukio la hospitalini ambalo halina budi kuelezwa kwanza, kwa kuwa linaonyesha namna alivyokuwa akifikiri kabla ya mlipuko. Daktari rafiki yake, aliyekuja kumtembelea, alimkuta akiagiza mtoto mchanga mwenye kuhara apewe maji ya chumvi na sukari kwa mpira wa puani badala ya dripu. Rafiki yule alikasirika na kumwambia kwamba mtoto huyo asingetendewa hivyo kama angekuwa wake. Rosling alijua kuwa kutafuta mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji kungemla nusu saa, na nusu saa hiyo ilikuwa ikihitajika kwingine. Baadaye alikaa akapiga hesabu. Katika mwaka mmoja watoto 52 walikuwa wamefia hospitalini. Halafu akachukua idadi ya watoto wanaozaliwa wilayani na kiwango cha vifo vya watoto nchini, akapata kwamba watoto wapatao 3,900 wa wilaya hiyo walikuwa wakifa kila mwaka kabla ya kutimiza miaka mitano. Wale 52 walikuwa kama asilimia 1.3 tu. Waliobaki walifia majumbani, katika vijiji ambavyo yeye hakuwahi kuviona, kwa kuhara, nimonia na malaria. Tangu hapo swali lake likawa moja: wangapi, kati ya wangapi?

Hesabu ile ilikuwa sahihi na iliongoza kazi yake vizuri. Ilikuwa pia hesabu ya mtu aliyepata utulivu wa kukaa mezani na karatasi. Mlipuko wa Memba haukumpa utulivu huo.

Wagonjwa walikuwa wengi, na chanzo hakikujulikana. Polio ililazimika kufikiriwa, vivyo hivyo virusi vingine na sumu ya aina fulani. Rosling alielekea kuamini kwamba ugonjwa hauambukizwi, ila hakuwa na uhakika kamili. Alipokuwa mjini Nacala, meya alimuuliza kama afunge barabara ili basi la kutoka kaskazini lisiingie mjini na kuuleta ugonjwa. Rosling alimjibu kwamba lilikuwa wazo zuri, na kwamba ni lazima jambo fulani lifanyike. Meya akaweka kizuizi.

Asubuhi iliyofuata akina mama wa vijijini waliamka alfajiri kama kawaida yao, wakakusanya bidhaa zao na watoto wao, wakasubiri basi la kuwapeleka sokoni Nacala. Walipoambiwa kwamba basi haliji, waliteremka ufukweni na kuwaomba wavuvi wawapeleke kwa njia ya bahari. Wavuvi wakawapa nafasi katika vyombo vyao vidogo, ambavyo vilijaa kupita kiasi, navyo vikapinduka. Hakuna aliyejua kuogelea. Akina mama, watoto na wavuvi wote walizama. Mchana huo Rosling alikuwa akirudi kaskazini kuendelea na uchunguzi, akakipita kizuizi kile kile, na alipoingia Memba akaona watu wakilaza maiti kando ya barabara. Alikimbia hadi ufukweni, akakuta hakuna tena wa kuokolewa. Akamuuliza mwanamume aliyekuwa amebeba mwili wa mtoto wa kiume kwa nini akina mama na watoto wengi kiasi kile walipanda vyombo dhaifu namna ile. Mwanamume yule alimjibu kwamba asubuhi ile basi halikuja.

Dakika kadhaa zilipita kabla hajaelewa sawasawa yeye mwenyewe alikuwa amefanya nini.

Kosa lilikuwa wapi hasa? Ni rahisi kusema kwamba kizuizi kiliwekwa kwa ugonjwa usioambukizwa, na kwa hiyo hakikuwa na maana. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, haimtendei haki mtu yeyote katika kisa hiki. Siku ile hakuna aliyejua chanzo, na kama kingekuwa virusi, kuchelewa kungeweza kuua watu wengi zaidi ya waliozama. Meya naye alikuwa na watu wa kuwalinda, akafanya lililo sahihi kwa kiongozi wa serikali, yaani kumuuliza mtaalamu. Kosa ninaloliona lipo katika mambo mawili ambayo yalikuwa ndani ya uwezo wao hata bila kipimo cha maabara. Kwanza, daktari hakusema wazi kwamba bado hajui. Alitoa jibu lililosikika kama maarifa, na katika wilaya yenye watu 300,000 na daktari wa kuhesabika kwa vidole, neno lake lilikuwa na uzito wa amri. Pili, hakuna aliyeuliza ni nani hupanda basi lile, wanakwenda kufanya nini, na basi lisipokuja watafanya nini. Mama mwenye bidhaa za kuuza hawezi kuahirisha soko kwa sababu kuna askari barabarani. Kizuizi kiliondoa njia iliyo salama zaidi, na haja ya kusafiri ikabaki pale pale.

Hili la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa mtu aliyeshindwa kuliuliza ndiye yule yule aliyekuwa na mazoea ya kuuliza kuhusu wasioonekana hospitalini. Alijua kuwahesabu watoto waliofia vijijini, lakini kwa haraka ya siku moja hakuwafikiria akina mama waliosimama kituoni.

Uchunguzi uliendelea, na picha iliyojitokeza ikaelekea upande usiotarajiwa. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, wanaonyonya hawakuguswa. Vijiji vilivyoumia zaidi vilikuwa vile vilivyopigwa na ukame na kubaki na muhogo mchungu peke yake kwa chakula. Vipimo vilionyesha thiosianati nyingi mno mwilini, na hiyo ndiyo alama ya mwili uliokuwa ukipambana na sumu ya sianidi. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilihesabu wagonjwa 1,102 katika jimbo la Nampula, na kuutaja ugonjwa kwa jina la wenyeji, mantakassa. Dkt. Julie Cliff wa Maputo alikuwa miongoni mwa waliousimamia uchunguzi huo, na aliendelea nao kwa miongo kadhaa baadaye.

Namna sumu ile inavyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa utulivu, maana jambo hili linahusu chakula chetu wenyewe. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Mizizi inapopondwa, inapolowekwa au inapovundikwa, kimeng'enya kilichomo humo humo huivunja linamarini, na sianidi ikatoka kama gesi na kupotea hewani. Wanaotengeneza makopa kule Mtwara, kivunde, au udaga wa Kanda ya Ziwa, wanajua kwa uzoefu wa vizazi ni siku ngapi zinahitajika. Ukame huongeza linamarini ndani ya mzizi, na wakati huo huo njaa huwafanya watu wasiweze kusubiri. Mizizi iliyostahili kukaa wiki kadhaa inaliwa baada ya siku chache. Mwili una uwezo wa kuigeuza sianidi kuwa thiosianati na kuitoa kwa mkojo, ila kazi hiyo huhitaji salfa inayopatikana katika protini za samaki, nyama na maharagwe, yaani vitu ambavyo mwaka wa ukame haviko mezani. Sumu ikiongezeka na kinga ikipungua kwa pamoja, neva zinazoongoza miguu huharibika, na uharibifu huo hauna tiba.

Rosling alipata shahada ya uzamivu Uppsala mwaka 1986 kwa utafiti huu, na kwa takriban miongo miwili yeye na wenzake waliufuata ugonjwa huo katika nchi nyingine za Afrika. Waligundua kwamba tabibu wa Kiitaliano, Trolli, alikuwa ameueleza tangu mwaka 1938 katika eneo la Kwango, Kongo, ambako Wayaka waliuita konzo, neno linalohusu miguu iliyofungwa. Tanzania nayo imo katika historia hii: mlipuko wa Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985 ulichunguzwa na kikundi kilichomjumuisha Rosling na mtafiti wa Kitanzania, Nicholas Mlingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990.

Safari moja ya Kongo inaonyesha kwamba funzo la Memba halikuwa limesahaulika. Mwaka 1989, katika kijiji cha Makanga, eneo la Bandundu, wanaume wenye mapanga waliuzunguka ujumbe wake kwa kuamini kwamba damu inayochukuliwa itauzwa. Rosling hakukimbia. Alibaki akieleza anachukua damu ya nini, akiwaonyesha muhogo na kuwatajia konzo. Aliyeokoa hali hakuwa yeye. Mama mtu mzima, pekupeku, alijitokeza mbele ya umati na kuwakumbusha wenzake jinsi watoto walivyokuwa wakifa kwa surua mpaka chanjo ilipopatikana, akawauliza wanadhani chanjo hiyo ilipatikanaje kama si kwa utafiti wa namna hii, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe utolewe damu. Watu wakapanga foleni nyuma yake. Tendo la mama yule nalihesabu kuwa ndio uelimishaji bora zaidi wa sayansi katika kisa hiki chote.

Miaka ya Taasisi ya Karolinska, chuo kikuu cha udaktari huko Stockholm, alikokuwa profesa wa afya ya kimataifa tangu 1997, naipita haraka isipokuwa jambo moja. Aliwapa wanafunzi wake jozi tano za nchi na kuwauliza katika kila jozi ni nchi gani yenye vifo vingi zaidi vya watoto, kwa mfano kati ya Sri Lanka na Uturuki. Wastani wao ulikuwa majibu sahihi 1.8 kati ya matano, wakati sokwe anayechagua bila kufikiri angepata 2.5. Kwa lugha nyingine, wanafunzi hao hawakuwa wamekosa habari tu, bali walikuwa na habari zisizo sahihi, zilizokaa vichwani mwao tangu utotoni. Hapo ndipo mwanawe Ola na mkwewe Anna Rosling Rönnlund walipotengeneza programu ya Trendalyzer, ambamo kila nchi ni puto lenye ukubwa wa idadi ya watu wake, linalosogea mwaka hadi mwaka kadiri kipato na afya zinavyobadilika. Walianzisha asasi ya Gapminder mwaka 2005. Mwaka 2006 Rosling alihutubia jukwaa la mihadhara la TED huko Monterey, California. Na mwaka 2007 Google ikainunua programu hiyo.

Wengi walikumbuka mbwembwe za jukwaani, fimbo ndefu na sauti ya mtangazaji wa mpira. Mimi nakumbuka sehemu fupi ya hotuba hiyo ya 2006, pale alipolichukua puto la Uganda na kulipasua katika makundi matano ya kipato, kisha la Afrika Kusini, kisha la Niger, ili waliokaa mbele yake waone jinsi maskini wa Niger walivyo mbali na matajiri wa Afrika Kusini, na jinsi lisivyokuwa na maana kujadili suluhisho moja la bara zima. Hilo ni swali lile lile la Nacala, la wangapi kati ya wangapi, likiulizwa sasa mbele ya watu ambao maamuzi yao yanafika mbali kuliko ya meya.

Wapo waliomkosoa, hata nchini kwao Uswidi, kwamba alichagua mistari inayopanda na kunyamazia mingine, hasa uharibifu wa mazingira. Ukosoaji huo una uzito. Anayetumia dakika 20 kuonyesha kwamba vifo vya watoto vimepungua anabaki na dakika chache za yale yasiyopungua, na hadhira iliyoshiba huweza kuondoka ikidhani kazi imekwisha. Yeye mwenyewe alikataa kuitwa mwenye matumaini tu. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaosema kwamba alipamba hali ya dunia kwa kutoijua shida, kwa maana shida aliipima kwa mkojo na damu ya wagonjwa wa Memba.

Mwezi Oktoba 2014, akiwa na miaka 66, aliacha mihadhara na kwenda Monrovia kuisaidia Wizara ya Afya ya Liberia wakati wa Ebola. Safari hii ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza kweli, na hofu ilikuwa ya dunia nzima. Alichokifanya kwanza kilikuwa kidogo kiasi cha kuonekana si kitu. Aliona kwamba baadhi ya wilaya zilikuwa zikionyesha sifuri katika taarifa za wagonjwa, na sifuri hizo hazikumaanisha kwamba hakuna mgonjwa: wahudumu hawakuwa na salio la kupiga simu na kutoa taarifa. Ukapatikana mfuko mdogo wa kununua vocha. Aidha, wagonjwa waliothibitishwa maabara walitenganishwa na wanaoshukiwa, na hapo ikaonekana kwamba maambukizi yalikuwa yameanza kushuka wiki kadhaa kabla ya dunia kufahamu. Mtu aliyewahi kutoa jibu bila kusema kwamba hajui alikuwa sasa akizitenga wazi, ndani ya jedwali la serikali, wilaya zisizo na wagonjwa na zile zisizojulikana hali yake.

Kuhusu waliozama alinyamaza kwa muda mrefu sana. Alikisimulia kisa hicho mwishoni mwa maisha yake, alipokuwa akiandika kitabu pamoja na Ola na Anna huku saratani ya kongosho ikimmaliza. Alifariki tarehe 7 Februari 2017, na kitabu, *Factfulness*, kikatoka mwaka 2018. Humo anakiri kwamba bado hajajisamehe.

Konzo haijaisha. Ushauri mwepesi ungekuwa kuwaambia watu waache muhogo mchungu, na ushauri huo unafanana mno na kile kizuizi cha barabarani. Utafiti uliofanyika Nkhata Bay, Malawi, ambao Rosling alishiriki, ulionyesha kwamba wanawake huuchagua muhogo mchungu kwa makusudi, kwa sababu wezi hawauchimbi kirahisi, na shamba lake ndilo linalobaki wakati mashamba mengine yamekwisha kuvamiwa. Ukiwakataza, hujawapa kitu kingine cha kula. Njia iliyofanikiwa ilitoka kwa mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na haimkatazi mtu chochote: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa katika tabaka jembamba la sentimita moja juu ya mkeka au turubai, unaachwa juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano ili sianidi itoke, kisha unasongwa ugali jioni ile ile. Katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, Kongo, akina mama waliitumia njia hiyo kila siku tangu 2010, na katika muda wote wa mradi hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo.